KICHOCHO CHA TUMBO: HISTORIA YA UGONJWA NA YA WALIOUCHUNGUZA
Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Geita na Shinyanga

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mnyoo mdogo, urefu wake kama sentimeta moja, ambaye ameua watu wengi kando ya Ziwa letu bila ya kutambuliwa. Tutatazama jinsi watu walivyomgundua, jinsi walivyojifunza kumpima na kumtibu, na kwa nini kazi hiyo haijamalizika.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmelisikia au kuliona. Mtu mzima, mvuvi au mkulima, anakaa miaka mingi na tumbo linalovimba upande wa kushoto. Haumwi sana, anafanya kazi zake. Siku moja, pasipo homa wala ajali, anatapika damu, tena damu nyingi, beseni zima. Watu wa nyumbani wanashtuka. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema amelishwa sumu. Huanza kutafutwa mbaya wake, na pengine mwanamke mzee wa jirani huonewa bure. Mgonjwa naye huchelewa kufika hospitali, akafa njiani.

Hakika ya jambo hili ni nini? Kwa sehemu kubwa ya watu wa kandokando ya Ziwa jibu linajulikana. Ni kichocho cha tumbo.

1. Vichocho viwili

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili yenye jina moja. Kuna kichocho cha mkojo, ambacho mtu hukojoa damu. Hiki ndicho kinachojulikana zaidi Shinyanga, katika malambo, madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga. Kuna na kichocho cha tumbo, ambacho hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo na ini. Hiki ndicho cha Geita, Sengerema, Ukerewe na visiwa vya Ziwa. Kila kimoja kina mnyoo wake na konokono wake.

Ugonjwa huu ni wa kale mno. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameona mayai ya kichocho ndani ya figo za maiti za Misri zilizokaushwa na kuhifadhiwa miaka kama 3,000 kabla ya siku zake. Lakini mnyoo mwenyewe hakuonwa mpaka mwaka 1851, wakati kijana daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Cairo. Akakuta katika mishipa ya damu minyoo waendao wawili wawili, dume amemkumbatia jike kama ala inavyoshika kisu. Kwa ajili yake ugonjwa huu huitwa bilhazia mpaka leo.

Wataalamu wakabishana miaka mingi. Je, minyoo ni wa aina moja au mbili? Na huingiaje mwilini? Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alikwenda Misri kuchunguza, akaonyesha wazi kwamba minyoo ni wa aina mbili, kwamba kila aina hukulia ndani ya konokono wake, na kwamba mtu huambukizwa kwa kugusa maji.

Njia yenyewe ni hii. Mtu mgonjwa hujisaidia majini au karibu na maji. Mayai yaliyomo katika choo huanguliwa, na kijidudu hutoka kikatafuta konokono. Baada ya wiki chache konokono huyo huachia vijidudu kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali katikati ya mchana. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache tu: mtoto anayeogelea, mama anayefua, mvuvi anayesukuma mtumbwi. Havina haja ya kidonda, wala si lazima uyanywe maji hayo.

2. Kovu la ini

Huenda ukauliza: mnyoo yumo matumboni, damu inatapikwa kwa mdomo, imefikaje huko?

Jike mmoja hutaga mayai kama 300 kila siku. Sehemu yake hutoka na choo. Sehemu nyingine hupotea njia, huchukuliwa na damu mpaka katika ini na kukwama humo. Mwili huyaona kama miiba, ukayazungushia kovu. Mwaka 1904 daktari Symmers, aliyekuwa Cairo, alikata ini la mgonjwa wa namna hii, akaona makovu meupe, magumu, yamezunguka mishipa, akayafananisha na vijiti vya kiko cha udongo. Mzee yeyote aliyewahi kuvuta kiko atafahamu mfano huu: kijiti ni kigumu, na tundu lake ni jembamba.

Basi damu itokayo matumboni, ambayo ni lazima ipite katika ini, inakuta njia imesonga. Hufanya kama maji ya mtaro ulioziba: hurudi nyuma na kutafuta vichochoro. Bandama hujaa na kuvimba, na hilo ndilo tumbo la upande wa kushoto. Mishipa midogo ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, hutanuka na kuwa myembamba kuta zake. Siku mojawapo hupasuka. Hiyo ndiyo damu ya beseni, na hapana mkono wa mchawi ndani yake.

Tena kuna jambo moja la kutia moyo, ambalo ningependa kila kikundi kilishike. Katika kichocho, ini lenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi yake vizuri ijapokuwa njia za damu zimesonga. Ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini haliko hivyo. Kwa hiyo mgonjwa wa kichocho akiwahiwa na damu ikazuiwa, anaweza kuishi miaka mingi, akalea watoto wake. Kumkatia tamaa ni kosa.

3. Dawa ya zamani na dawa ya sasa

Dawa ya kwanza yenye nguvu ilitoka jirani zetu wa Sudan. Mwaka 1918 daktari Christopherson wa Khartoum alitangaza kwamba sindano za antimoni huua minyoo ya kichocho. Ilikuwa habari kubwa, lakini dawa yenyewe ilikuwa chungu: sindano nyingi za mshipani kwa majuma kadhaa, kutapika, na hatari kwa moyo.

Misri walichoma watu wao sindano hizo kwa wingi tangu miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema. Lakini sindano hazikuchemshwa sawasawa baina ya mtu na mtu, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba kampeni ile ilieneza homa ya ini aina ya C katika nchi. Watu waliponywa ugonjwa mmoja wa ini, wakapewa mwingine. Tulikumbuke hilo kila tunapoona mtu anachoma sindano dukani bila kufungua mpya.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa makampuni mawili ya Ujerumani, Bayer na Merck, walipata praziquantel. Hiki ni kidonge cha kumeza. Kwa kawaida hutolewa mara moja, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mashuleni mwalimu humsimamisha mtoto kwenye fimbo yenye alama, akajua kwa urefu wake ampe vidonge vingapi. Kwa muda mrefu watoto wa chini ya miaka mitano walikosa dawa inayowafaa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kidonge kilichotengenezwa kwa ajili yao, baada ya majaribio yaliyofanywa pia katika nchi ya Kenya.

Hata hivyo dawa hii ina mipaka yake. Huua minyoo waliokomaa, lakini wachanga huponyoka. Haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho. Na kovu dogo laweza kupungua, ila kovu kubwa la miaka mingi mara nyingi hubaki. Maana yake ni kwamba dawa inayotolewa utotoni ndiyo inayozuia damu ya utu uzima.

4. Kazi iliyofanyika Mwanza

Sasa tuje kwetu. Mwanza ilikuwa na kituo cha utafiti wa tiba tangu mwisho wa miaka ya 1940, na mwaka 1979 sheria ya Bunge iliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo kituo cha Mwanza ni sehemu yake. Miongoni mwa watafiti wa zamani alikuwapo G. Webbe, aliyechunguza madimbwi ya Usukuma. Konokono wa kichocho cha mkojo hawafi wote dimbwi linapokauka. Baadhi yao hujizika katika tope kiangazi chote, na mvua ikinyesha huamka. Kwa sababu hiyo, kukauka kwa lambo hakumalizi ugonjwa.

Kupima nako kuna historia yake. Mjapani Kato, mwaka 1954, alionyesha namna ya kupaka choo juu ya kioo ili mayai yaonekane kwa hadubini. Mwaka 1972 Katz na wenzake wa Brazil wakaongeza kipimo cha kiasi: tundu dogo lishikalo miligramu kama 42. Mpimaji huhesabu mayai, akazidisha kwa 24, akapata idadi ya mayai katika gramu moja. Ni njia rahisi na nzuri, lakini mwenye minyoo wachache aweza kupimwa leo asionekane na yai hata moja.

Katika kisiwa cha Ijinga, wilaya ya Magu, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima watu kwa njia mbili. Kwa hadubini, karibu watu 7 katika kila 10 walionekana wana kichocho cha tumbo. Kwa kipimo cha mkojo kinachotafuta dalili za mnyoo aliye hai, walikuwa zaidi ya 9 katika kila 10. Fikirini wenyewe tofauti hiyo: ni watu wangapi wanaoambiwa "huna kitu" ilhali wanacho?

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika katika vijiji 150 vya eneo la Ziwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Watafiti walilinganisha kutoa dawa kwa watoto wa shule tu na kutoa kwa kijiji kizima. Ugonjwa ulipungua kwa jumla, lakini vilikuwapo vijiji ambavyo haukupungua ijapokuwa dawa ilitolewa mwaka hata mwaka. Watu wake walikuwa wakirudi katika maji yale yale.

Na wale wanaotapika damu? Katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, madaktari walichunguza wagonjwa wa namna hii kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Katika matokeo waliyoyatoa mwanzoni mwa miaka ya 2010, sababu iliyoonekana kuliko zote ilikuwa mishipa ya umio iliyotanuka, karibu nusu ya wagonjwa; vidonda vya tumbo vilifuata. Kwa mpira huo huo daktari aweza kuifunga mishipa kwa vipete vidogo vya mpira, na vidonge vya kupunguza nguvu ya damu husaidia isipasuke tena.

5. Kansa nayo

Si kila ugonjwa wa njia ya chakula ni kichocho. Mtu ambaye chakula kinamkwama kifuani, kwanza ugali, baadaye hata uji, na mwili unakonda, aogope kansa ya umio, ambayo ipo sana Afrika ya Mashariki. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya chai inavyonywewa Kilimanjaro: watu walianza kuinywa ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilisema kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yamkini huleta kansa hiyo. Basi acheni chai ipoe kidogo. Ama kichocho cha mkojo, shirika hilo hilo lilithibitisha mwaka 1994 kwamba huleta kansa ya kibofu. Watu wa Shinyanga wasiseme kukojoa damu ni dalili ya kijana kukua.

6. Yaliyobaki mikononi mwetu

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kama hivi vyenu, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya masomo yao. Walielewa kwamba konokono asiyepata kinyesi cha mtu hana ugonjwa wa kumpa mtu.

Hilo ni kweli hata leo, kwa mvuvi wa Geita, mkulima wa majaruba na mchimbaji mdogo anayesimama dimbwini akiosha mchanga wa dhahabu. Jengeni choo mbali na maji. Maji ya kuoga yakikaa katika pipa lililofunikwa siku mbili, vijidudu hufa. Dawa ikija shuleni, mtoto ale kwanza, kisha ameze. Na mtu akitapika damu, msiitane kwa mashauri ya uchawi, tafuteni gari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni mahali gani kijijini kwenu watoto na kina mama huingia majini mchana? Je, panaweza kubadilishwa?
2. Kwa nini dawa peke yake haikutosha katika baadhi ya vijiji?
3. Mtu akitapika damu usiku, nani kijijini ana chombo cha kumfikisha hospitali, na kikundi chenu kimekwisha kupatana naye?

Swali la tatu msilimalize kwa maneno. Ateuliwe mtu wa kumwona mwenye chombo kabla ya somo lijalo. Kwaherini.