Reli ya Usambara katika Nchi ya Korogwe na Handeni: Historia Fupi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lushoto au Arusha hupita Mkata na Segera, akafika Korogwe, akanunua machungwa dirishani mwa basi, akaendelea na safari yake akidhani amepita mahali pasipo na jambo la kutazama. Maana amekwisha kuambiwa ya kwamba mambo ya kale ya Mkoa wa Tanga yako Tongoni, kwenye gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo, na Amboni kwenye mapango, na Tanga mjini katika boma la zamani ambamo leo mna makumbusho. Yote hayo ni ya kweli, na kila mojawapo lastahili kuzuriwa. Walakini si mbali na barabara ile ya lami imelala reli ambayo, ukiiweka kando ile njia fupi aliyoitandika Sayyid Barghash kisiwani Unguja, ndiyo ya kwanza katika nchi hii. Wala sioni katika wilaya hizi mbili nyumba, au ngome, au kaburi, lililoyageuza maisha ya watu kama chuma kile kilivyoyageuza. Tangu gari la moshi lifike Korogwe mwaka 1902 imepita miaka mia na ishirini na ushei, nami naona ni haki habari zake zielezwe na watu wa huku huku ilikopita.

Kabla ya reli palikuwa na njia. Misafara iliyotoka pwani ya Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro na Umasai ilipanda kwa bonde hili hili, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kuume na nyika ya Wazigua mkono wa kushoto, na aliyeitambua thamani ya njia hiyo kuliko wakubwa wote wa zama zake ni Semboja, mwana wa Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Usambara, ambaye baada ya baba yake kufariki mwaka 1862 aliweka makao yake Mazinde, chini kabisa penye tambarare. Mkilindi, yaani mtu wa ukoo huo wa kifalme, mwenye desturi ya kale asingelikaa hapo, kwa kuwa ezi yao ilikuwa Vuga mlimani, penye hirizi za mvua na makaburi ya wazee. Lakini Semboja aliona kwamba nguvu imekwisha kuteremka, nayo sasa ipo katika bunduki na nguo na pembe za ndovu, na mwenye kuishika njia ndiye mwenye kuishika nchi. Atakaye kuijua habari ya ukoo huo, tangu Mbega, mwanzilishi wake, alipotoka Ngulu, katika milima ya Kilindi ambayo hata juzi juzi ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Handeni, na asome Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kitabu kilichopigwa chapa na wamisionari kule Magila. Semboja alifariki mwaka 1895. Reli ilikuwa haijafunguliwa hata Muheza.

Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kuitandika Tanga mwaka 1893, kwa mkono wa kampuni iliyokusanya mali ya matajiri wao, na nia yao ilikuwa kuyafikia mashamba ya kahawa waliyokuwa wakiyafungua milimani. Lakini kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kufika Muheza, kilomita 40 tu, kulichukua hata mwaka 1896. Kisha fedha za kampuni zikaisha, mataruma yakaishia porini, na mwaka 1899 serikali yao ikalazimika kuinunua njia yote na kuiendeleza yenyewe. Mwezi Machi 1902 gari la moshi likaingia Korogwe, kilomita 84 kutoka baharini, na kazi ilikuwa imekwisha kula miaka tisa. Mtu mwenye afya huutembea mwendo huo kwa siku tatu. Tena katika muda ule ule Waingereza, walioanza Mombasa mwaka 1896, walikuwa wamekwisha kufika ziwani Kisumu, mwendo wa kilomita 900 na zaidi. Nayataja haya kwa kuwa ndiyo yaliyoifanya Korogwe iwe Korogwe: kwa miaka mitatu, mpaka njia ilipofikishwa Mombo mwaka 1905, hapa ndipo palipokuwa mwisho wa reli, na mwisho wa reli ni mahali ambapo kila mzigo hushushwa, kila mpagazi hulala, na kila mwenye kipande cha nguo cha kuuza hufungua duka.

Kahawa ile haikustawi kama ilivyotarajiwa, na reli ingalibaki mzigo kwa wenyewe kama si mmea mwingine ambao hakuna aliyeuwazia wakati taruma la kwanza lilipolazwa. Mwaka ule ule wa 1893 Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, ikakaa safarini muda mrefu, na ilipowasili pwani ya Pangani iliyokuwa hai ni 62 tu. Katika hiyo 62 ulizaliwa mkonge wa nchi nzima. Mtu aliyesimama katika bonde la Korogwe miaka ya hamsini, akatazama Ngombezi, na Magoma, na Hale, na Mazinde, asingeliona ila mistari ya majani yenye miiba ikienda mpaka macho yakome, na katikati ya mistari hiyo vijireli vyembamba vya toroli, vikiyachukua majani mpaka kwenye korona yakasagwe, katani ikaanikwe kwenye nyaya, ikafungwe marobota, ikapandishwe kwenye mabehewa kwenda bandarini Tanga.

Na nyuma ya marobota hayo walikuwako watu. Walitoka Kigoma na Songea na Njombe, na wengine Rwanda na Burundi, wakaandikwa kwa namba, wakaitwa manamba, na jina hilo hata leo halitamkwi kwa furaha. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni watu wa Korogwe leo, na ndiyo sababu katika mji huu mdogo, ambao kwa asili ni wa Wazigua na Wasambaa na Wabondei, utasikia majina ya nchi za mbali na utaona ngoma za magharibi zikichezwa harusini na wenyeji wasiulize zimetoka wapi. Mgeni anayetafuta utamaduni wa mahali hapa na asikie hilo kwanza, kabla hajaulizia vinyago.

Kutoka Mombo njia ilisonga mbele Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911, jumla kilomita 352. Juu ya Mkumbara, wenye mali wa Kidachi walitundika kamba ya chuma kutoka misitu ya Shume, nayo ikateremsha magogo ya mierezi hewani, juu ya magenge ambayo mbuzi huyapita kwa hadhari, mpaka chini kwenye mabehewa. Watoto wa tambarare waliiona miti ikiruka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonishikisha kalamu, nalo ni fungu la Handeni. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, reli hii iligeuka kuwa ya askari, na mwezi Novemba mwaka huo, Waingereza waliposhusha majeshi kutoka Bara Hindi huko Tanga, askari wa Wadachi waliteremshwa kwa treni kutoka Moshi, wakapitishwa Korogwe, wakawahi pwani na kuwarudisha wageni baharini, ijapokuwa wageni hao walikuwa wengi kuliko wao mara nyingi. Lakini Wadachi walijua udhaifu wao: walikuwa na reli mbili, hii ya Usambara, na ile ya kati itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma, na baina ya mbili hizo hapakuwa na chuma hata kidogo. Kwa hiyo walitandika kijireli chembamba, cha namna ile ile ya mashambani, kutoka Mombo, kikavuka Mto Pangani, kikaingia nyika ya Uzigua, kikafika Handeni, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Hakikuwa na injini. Toroli zilisukumwa kwa mikono ya watu, kupanda na kushuka, juani, zikiwa zimesheheni risasi na chakula. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka na bonde, yakaitwaa Mombo, yakaitwaa Korogwe, na kabla mwezi haujaisha Handeni nayo ilikuwa mikononi mwao. Wadachi wakarudi nyuma kuelekea Mto Lukigura, na kijireli kikapoteza maana yake.

Hiyo ndiyo reli pekee iliyopata kufika mji wa Handeni. Hakuna sanamu yake wala kibao chake, na wale walioisukuma hawakuandikwa majina. Handeni ilirudi kuwa nchi ya barabara na ya miguu, nchi ya mahindi na ng'ombe na ukame wa mara kwa mara, ikiitazama reli ya jirani yake kutoka ng'ambo ya mto.

Chini ya Waingereza njia iliendelezwa hadi Arusha mwaka 1929, na mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunganishwa chini ya shirika moja. Ila kasoro ile ya zamani ilibaki, kwa kuwa reli ya Tanga iligusana na ya Kenya kupitia Voi na Kahe, na shehena ya Moshi ilivutwa Mombasa, wala haikugusana na reli ya kati ya nchi yake yenyewe. Jambo walilolijaribu Wadachi kwa toroli lilikuja kutimizwa mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru wake, ilipofunguliwa njia itokayo Ruvu, ikauvuka Wami, ikauvuka Pangani, ikaungana na reli ya Usambara Mnyusi, katika wilaya ya Korogwe, mwendo wa karibu kilomita 190. Stesheni ya Mnyusi ni ndogo na basi haisimami kwa ajili yake. Lakini kwa rai yangu, katika ramani yote ya reli zetu hakuna njia panda iliyongojewa muda mrefu kama hiyo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikachukua reli zake, na Shirika la Reli Tanzania likazaliwa na mizigo mizito kuliko nguvu zake. Malori yakaongezeka, bei ya katani ilikuwa imekwisha kuangushwa na nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakashikwa na magugu. Treni za abiria zikakoma. Nimewahi kusimama jukwaani Korogwe katika miaka ile, majani yakiwa yameota baina ya mataruma, na mbuzi wamelala pale ambapo abiria walikuwa wakisukumana. Mwaka 2019, mwezi Julai, treni za mizigo zikaanza tena kupita kwenda Moshi, na mwezi Desemba abiria wakapanda, baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya.

Lakini kurudi kwa treni hakukuleta ulinzi wa mambo yake ya kale, na hapa sheria yenyewe yapasa kutazamwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kwa nguvu yake yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo baada ya hapo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze. Hata mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 umetajwa na kukingwa. Ila taruma la kwanza la Tanga lililazwa miaka 30 baada ya mpaka ule, na kwa hiyo stesheni, na matangi ya maji, na madaraja, hayakingwi na tarehe yake. Wenzetu wa Nairobi walifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, na humo imehifadhiwa mojawapo ya zile injini 34 kubwa zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: jina lake ni Shengena, mlima wa Upare ambao reli yetu hupita chini yake. Mtoto wa Korogwe atakaye kuiona injini yenye jina la mlima wa jirani yake hulazimika kuvuka mpaka.

Tangazo la Waziri halihitaji fedha nyingi. Stesheni ya Korogwe ina nafasi ya kutosha kwa behewa moja la zamani, na korona moja iliyochakaa kutoka shambani, na toroli moja, na ramani kubwa ya ukutani inayoonyesha njia zote tatu: ile ya Usambara, na ile ya Mnyusi, na kwa rangi yake mbali ile ya Mombo kwenda Handeni.