Punda mzee: Viungo vikikaza, mzigo upunguzwe mapema

KATIKA kijiji cha Korbesa, eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo, punda ndiye mfereji wa maji wa familia nyingi za wafugaji. Ndiye anayebeba mitungi kutoka mtoni au kisimani, na ndiye anayebeba vyombo na watoto wachanga wa mbuzi wakati boma linapohama kufuata malisho. Mnyama huyo, ambaye Waborana humwita harre, huifanya kazi hiyo mwaka nenda mwaka rudi, hadi asubuhi moja anapoonekana akiinuka kwa shida na kutembea kana kwamba miguu yake ni ya mti.

Kumpata wa kuchukua nafasi yake si jambo jepesi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa nchini ili kuuza ngozi nchini China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kisha kulikuwa na ukame wa misimu mitano mfululizo, kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Kwa hivyo punda mzee aliyesalia bomani ni mali ya kutunzwa.

Ugumu wa viungo kwa punda aliyezeeka hutokana na kuchakaa kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Ikipungua, mifupa husuguana, kiungo huvimba na huuma. Dalili yake kuu ni kwamba mnyama huwa mkavu alfajiri, kisha hulainika kadiri anavyotembea. Hatua zake huwa fupi, huburuta ncha za kwato, na huogopa kuteremka mteremko. Tatizo ni kwamba punda ni mvumilivu kupita kiasi. Hafichui maumivu kama farasi, na mara nyingi anapoanza kuchechemea waziwazi, ugonjwa huwa umekwisha kukomaa. Kupungua kwa hamu ya kula au kusimama kando ya wenzake ni ishara zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito.

Hata hivyo, si kila ukavu ni uzee. Punda anayechechemea ghafla kwa mguu mmoja yaelekea ana mwiba, jiwe au jipu ndani ya ukwato. Na yule anayekakamaa mwili mzima kwa siku chache, masikio yakiwa wima na taya zikiwa zimebana, huenda ana pepopunda. Punda huupata ugonjwa huo kwa wepesi kupitia vidonda vya miiba na vya kamba. Huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa punda mzee, tiba ya kwanza ni hesabu ya mzigo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji huwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Punda wengi wa Afrika Mashariki wana uzito wa kilo 120 hadi 150, na mzigo usiozidi thuluthi moja ya uzito wa mnyama ndio unaokubalika kwa jumla. Mitungi minne ni kilo 80, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa punda wa kilo 130. Miwili ni kilo 40. Kwa aliyekaza viungo, hiyo miwili ndiyo mwisho, na siku ya maumivu ni bora aende na mtungi mmoja kila upande ambao haujajaa.

Kumfungia kabisa asifanye kazi nako ni kosa. Kiungo kisichotumika hukaza zaidi. Afaa kutembea kila siku, akianza bila mzigo kwa muda mfupi hadi mwili upate joto, kisha apumzishwe kivulini kabla ya safari ya kurudi. Desturi ya kumfunga miguu ya mbele kwa kamba fupi ili asiende mbali humlazimisha kurukaruka, na ndiyo adha kubwa kwa magoti yaliyochoka. Kuchoma kiungo kwa chuma cha moto hakuponyi gegedu. Huongeza kidonda juu ya maumivu.

Kwato ndizo zinazosahaulika zaidi. Ncha ya ukwato ikirefuka, uzito huegemea nyuma na kano huvutwa kila hatua. Zipunguzwe kwa kisu na tupa na mtu mwenye ujuzi, kila baada ya wiki sita hadi kumi. Ukwato wa punda umeumbwa kwa nchi kavu. Mvua zinapozidi na udongo kuwa tope, hunyonya maji, hulegea na kuoza. Usiku alale mahali pakavu.

Dawa za kutuliza maumivu zipo, lakini vidonge vya binadamu visitumiwe. Mwili wa punda huondoa baadhi ya dawa hizo haraka kuliko wa farasi, kwa hivyo kipimo ni cha daktari wa mifugo.

Meno nayo huisha. Punda asiyeweza kutafuna nyasi ngumu apewe majani laini au pumba iliyolowekwa, kwani punda aliyeacha kula kwa siku chache mafuta ya mwili humwagika katika damu na anaweza kufa. Kwa sababu hiyo hiyo, asitenganishwe na mwenzake waliyezoeana. Wakati wa kuhama, wawili hao waende pamoja, hata kama mmoja wao hana mzigo mgongoni.