Taya na Sikio

Mpwa wangu alizaliwa na sikio la kulia dogo, limejikunja, na taya la upande huo huo fupi. Shangazi zetu walimkalisha kitako mama yake: alimcheka kilema gani alipokuwa mjamzito? Dada yangu alilia tu. Mimi nilisumbuliwa na swali jingine: kwa nini sikio na taya kwa pamoja?

Nilikuja kugundua kwamba jibu lilianza kuandikwa Ujerumani zamani sana. Mwaka 1820 Johann Friedrich Meckel alieleza kijiti cha gegedu kilichomo ndani ya taya la chini la kiinitete, ambacho ncha yake ya nyuma huelekea sikioni. Mwaka 1825 Martin Heinrich Rathke aliona shingoni mwa viinitete vya nguruwe mifereji iliyopangana kama nafasi za matamvua ya samaki, na kati yake matuta, yaani matao. Binadamu naye huyapata, kuanzia wiki ya nne ya mimba.

Kisha akaja Karl Reichert, hajafika hata miaka 30. Mwaka 1837 alionyesha, kwa viinitete vya nguruwe vya umri mbalimbali, kila tao linaishia wapi. Tao la kwanza hujenga taya, lakini sehemu yake ya nyuma hujitenga ikawa nyundo na fuawe, vifupa viwili kati ya vitatu vinavyopeleka sauti ndani ya sikio. Kikuku, kile cha tatu, hutoka tao la pili. Ajabu ni kwamba nyundo na fuawe ndiyo mifupa ile ile ambayo kwa mjusi ni bawaba ya taya! Reichert aliyasema haya miaka 22 kabla ya kitabu cha Darwin cha 1859. Baadaye visukuku vya Morganucodon, mnyama mdogo wa miaka kama milioni 200 iliyopita, vilionekana vina bawaba zote mbili.

Hata sikio la nje huota kwenye matao hayo mawili, kuuzunguka mfereji wa kwanza. Yakidhurika upande mmoja, sikio na taya huumia pamoja.

Nilipomsimulia dada yangu nilificha habari za nguruwe. Aliuliza jambo moja tu: wiki ya ngapi? Nikamwambia ya nne, ya tano. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Wakati huo alikuwa bado hajajua kama ana mimba.