Vijiwe kwenye figo zenye vifuko vya kurithi: Kwa nini si kila maumivu ni yale yale

Mtu aliyekwisha kuelezwa na daktari kwamba figo zake zimejaa vifuko vya maji huzoea kuumwa ubavu. Maumivu yanaporejea, yeye na jamaa zake huyahesabu kuwa sehemu ya ugonjwa ule ule wa ukoo, humeza dawa ya kutuliza na kusubiri yapite. Lakini kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, kuna jambo la pili ndani ya figo hizo, nalo ni vijiwe. Tofauti hiyo ina uzito wake. Hakuna dawa inayoviondoa vifuko, ilhali vijiwe vinaweza kuzuiwa, na vikishajitokeza vinaweza kutolewa au, kwa baadhi ya aina, kuyeyushwa.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Ugonjwa wa figo wenye vifuko vingi ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayowapata watu wengi zaidi duniani. Aina inayoonekana zaidi kwa watu wazima hutokana, kwa sehemu kubwa, na hitilafu katika mojawapo ya jeni mbili: PKD1, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, na PKD2, iliyoko kwenye kromosomu ya 4. Jeni ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1994 na ya pili mwaka 1996. Mzazi mmoja akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Vifuko huanza vikiwa vidogo na kukua polepole kwa miaka mingi. Mara nyingi mgonjwa hana dalili yoyote hadi utu uzima, pale anapogundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, damu kwenye mkojo au maumivu ya ubavu na mgongo. Kwa wengi, figo hudhoofika hadi kuhitaji huduma ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine.

Kwa nini vijiwe hujitokeza?

Mwaka 1988, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 700 wa aina hii. Takriban asilimia 20 miongoni mwao walikuwa na vijiwe, kiwango kinachozidi kile cha watu wasio na ugonjwa huo.

Sababu ya kwanza ni umbo la figo lenyewe. Vifuko vinapopanuka hubana njia nyembamba ambamo mkojo hupita, nao mkojo ukituama, chembe za chumvi hupata nafasi ya kushikamana.

Sababu ya pili ni kemia ya mkojo. Wengi wa wagonjwa hawa hutoa sitreti kidogo, kemikali ya asili inayozuia chembe kuganda. Aidha, mkojo wao huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na katika hali hiyo asidi ya yuriki haiyeyuki vizuri. Ndiyo maana vijiwe vya asidi ya yuriki huonekana zaidi kwao, ingawa kwa watu wengine vijiwe vingi huwa vya oksaleti ya kalsiamu.

Kutambua kilichopo

Mambo matatu huweza kumletea mgonjwa maumivu yanayofanana: damu kuvuja ndani ya kifuko, kifuko kupata maambukizi, au kijiwe. Maumivu ya kijiwe kwa kawaida huwa makali, huja kwa vipindi, hushuka kutoka ubavuni kuelekea kinena na huweza kuambatana na kichefuchefu. Damu kwenye mkojo peke yake haitoshi kutofautisha, kwa kuwa vifuko navyo hutoa damu.

Vipimo navyo vina mipaka yake. Kuta za vifuko huweza kujengeka madini ya kalsiamu, na katika picha ya altrasaundi hali hiyo hufanana na kijiwe. Vijiwe vya asidi ya yuriki kwa kawaida havionekani katika eksirei ya kawaida. Kipimo cha CT kinachofanywa bila kuchomwa dawa ya kung'arisha picha ndicho hutoa jibu la uhakika zaidi. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, altrasaundi hupatikana karibu, lakini kwa CT mgonjwa hulazimika kusafiri hadi mji mkubwa. Kwa hiyo maelezo yake kwa daktari, kwamba maumivu ya safari hii si yale aliyoyazoea, ni hatua ya kwanza ya uchunguzi.

Homa na kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu ni dharura. Kijiwe kilichoziba njia ya mkojo uliopata maambukizi huhatarisha maisha, na mgonjwa hapaswi kusubiri hadi kesho yake.

Tiba na kinga

Dawa kama diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa kwa urahisi madukani, huweza kuzidhuru figo zilizokwisha kudhoofika. Hazifai kutumiwa bila ushauri wa daktari.

Sitreti ya potasiamu hupunguza asidi ya mkojo na huweza kuyeyusha vijiwe vya asidi ya yuriki, mradi kiwango cha potasiamu katika damu kifuatiliwe. Vijiwe vingine huvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko au hutolewa kwa kifaa chembamba kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Ukubwa wa figo na wingi wa vifuko hufanya kazi hiyo iwe ngumu zaidi, lakini hauizuii mikononi mwa madaktari wenye uzoefu.

Kinga kuu ni maji ya kutosha, ili mgonjwa apate mkojo wa angalau lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Wanaoishi au kufanya kazi kwenye joto kali huhitaji kunywa zaidi. Ambaye figo zake zimekwisha kushindwa kazi, au mwenye ugonjwa wa moyo, hana budi kupangiwa kiwango chake na daktari. Kupunguza chumvi, nyama, maini na dagaa husaidia, na maji ya ndimu huongeza sitreti. Maziwa hayana haja ya kuachwa, kwa kuwa kalsiamu ya chakula hunasa oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Anayetokwa na kijiwe anashauriwa kukihifadhi na kukipeleka hospitalini. Kikipimwa, daktari hujua ni cha aina gani, na kwa hiyo ni kinga ipi itakayomfaa mgonjwa huyo.