Sheria ya Japani iliyowabana Ford na GM, na somo lake kwetu Kwale

Hapa Ukunda matatu huitwa nissan hata ikiwa ni Toyota. Majina hayo mawili yalilelewa na sheria moja, iliyopitishwa Japani mwaka 1936. Naieleza hapa kwa sababu mvutano unaofanana nao uko Kenya leo.

Kabla ya sheria hiyo, Wajapani waliendesha zaidi magari ya Kimarekani. Ford ilianza kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Vipande vililetwa kwa meli na kuunganishwa huko.

Sheria ilisema anayetaka kuunda zaidi ya magari 3,000 kwa mwaka lazima awe na leseni ya serikali, na leseni ilikuwa ya kampuni zinazomilikiwa zaidi na Wajapani. Toyota na Nissan zilipata. Ford na GM ziliachwa ziendelee, lakini kwa kikomo: magari 12,360 kwa Ford na 9,470 kwa GM kila mwaka. Ushuru wa vipande nao ukapandishwa.

Marekani ililalamika, ikitaja mkataba wake wa biashara na Japani wa 1911. Balozi wake Tokyo wakati huo alikuwa Joseph Grew. Japani haikulegeza, sheria yenyewe ilitaja ulinzi wa taifa. Kufikia 1939 kampuni zote mbili zilikuwa zimeacha kuunganisha magari huko.

Sasa tuje kwetu. Kanuni ya KS 1515:2000 hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Yapo mapendekezo ya kupunguza miaka hiyo ili kulinda viwanda vya kuunganisha magari vya Mombasa, Thika na Nairobi. Waagizaji wa mitumba wanapinga.

Mimi naona tusiige nusu. Japani ilipofunga mlango, ilikuwa na kampuni zake zilizo tayari kuunda gari. Viwanda vyetu huunganisha zaidi magari ya kampuni za kigeni. Miaka ikipunguzwa leo, atakayeumia kwanza ni dereva wa Msambweni anayeweka akiba anunue Probox ya kubeba abiria. Wabunge wetu wa Kwale waulize mapema: vipuri gani vitatengenezwa hapa, na gari jipya litauzwa bei gani?