Nani Alikuwa Anasikiliza?

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Mikindani, niliandika ubaoni kabla hata sijafungua kitabu: "Msimamo wa mtunzi: aliwaunga mkono Wajerumani." Watoto wa darasa la sita wakanakili. Kisha nikawasomea beti chache za Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, nikauliza maswali ya ufahamu, karibu wote wakapata. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Leo nikilikumbuka somo lile naona aibu. Hakuna mtoto aliyesikiliza. Asikilize nini, na jibu limeshakaa ubaoni?

Utenzi huo ni wa kwetu kusini. Mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, alikuwa mtu wa Lindi, kama kilomita 100 kaskazini mwa Mtwara. Vita anavyovisimulia vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, vikashuka huku upesi. Mwezi uliofuata boma la Liwale lilitekwa, na misheni ya Nyangao, njia ya kwenda Masasi, ikachomwa moto. Vilipokwisha mwaka 1907, risasi zilikuwa zimeua wengi na njaa imeua wengi zaidi, maana jeshi la Wajerumani liliteketeza mashamba na maghala ya chakula. Wajerumani walihesabu vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria hadi 300,000.

Ndani ya utenzi, Jamaliddini anawasema vibaya wapiganaji. Kwa hiyo sikulitoa jibu langu hewani. Wasomaji wengi wamemwona hivyo hivyo. Kosa langu lilikuwa kuwapa watoto hukumu kabla hawajamsikia mshitakiwa.

Aliyenizindua ni mzee jirani yangu. Jioni moja nilimkuta barazani, nikamsalimu, "Shikamoo babu." Akaitikia na kuuliza siku hizi nawafundisha nini wajukuu zake. Nikamweleza habari za yule mtunzi kibaraka. Akanyamaza kitambo.

"Mjukuu wangu," akasema, "mtu haghani kwa ajili ya ukuta. Hebu niambie kwanza, nani walikuwa wamekaa wanasikiliza?"

Sikuwa na jibu. Nikageuka nikalitazama lile boma jeupe pale mlimani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Leo ni hoteli, watalii hupigia picha hapo, lakini wakati ule kila aliyeishi chini yake alijua yuko machoni pa nani. Lindi nayo ilikuwa na boma lake.

Mwaka uliofuata nilibadili somo. Niliwaambia wafunge madaftari. Mara ya kwanza nikawaghania beti tu, bila maelezo, wao wakihesabu mizani kwa vidole: nane kila mshororo, mishororo mitatu ya mwanzo ikikubaliana vina, wa nne ukirudi kwenye kina kinachouunganisha utenzi wote. Utenzi ulitungwa uingie kwa sikio, na mtoto aliyeshika mapigo yake hapotezi neno ovyo.

Mara ya pili wakasikiliza kwa kutafuta: nani anasifiwa, nani anasemwa, nani hasemi kitu. Mara ya tatu nikawauliza swali la babu. Nikaweka sharti moja tu. Kila anayetoa hitimisho aseme amelitoa kwenye neno gani, au kwenye jambo gani tunalolijua kuhusu wakati ule.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama Wajerumani walikuwa bado wanatawala, angesemaje vingine? Wangemfunga."

Mvulana wa nyuma hakungoja ruhusa. "Lakini hakulazimishwa kutunga. Angenyamaza."

Darasa likachemka. Mmoja akauliza: angenyamaza, sisi tungejuaje habari hizi? Mwingine akasema huenda mtunzi aliwakasirikia wapiganaji kwa sababu alizika ndugu. Nikamkumbusha sharti: umelitoa wapi? Akafikiri, akasema, "Hapo nimekisia." Nilifurahi kuliko siku ile wote walipopata. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ametenga alichokisikia na alichokibuni, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifanya nilipoandika ubaoni.

Nilikuja kuona kwamba wahakiki nao wamegawanyika kama darasa langu. Wapo wanaomsoma Jamaliddini kama mtu wa upande wa watawala, na wapo wanaosikia kejeli chini ya sifa anazowamwagia. Isitoshe, utenzi wake ulichapishwa kwanza Ujerumani, mwaka 1933, ndipo mwaka 1957 ukatoka hapa Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Kwa miaka mingi masikio ya wageni yalitangulia kuusikia kuliko ya watoto wa Mikindani.

Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mtihani. Sehemu kubwa ya habari za vita vile tumeachiwa na watu waliosema mbele ya mwenye nguvu: mateka walipohojiwa, maakida walipotoa taarifa, washairi walipoghani. Asiyefundishwa kuuliza nani alikuwa anasikiliza ataamini kila neno, au atayatupa yote. Kwa vyovyote vile, waliokufa watabaki bila msemaji.

Kengele ilipolia bado walikuwa wanabishana. Nikakusanya madaftari. Yule mvulana wa nyuma alikuwa ameandika: "Mtunzi aliwaunga mkono Wajerumani." Kisha akakata mstari, na chini yake akaandika upya: "Mtunzi alisema anawaunga mkono Wajerumani."

Nilimpa alama zote. Ubaoni sikuandika kitu.