Kaulizeni Mahakamani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata ndoa bila daftari hupotea bila habari, na ndoa ikipotea huondoka na nusu ya historia ya ukoo.

Babu yetu alipofariki, nyumba yake ya Mbagala ikawa mfupa mgumu. Watoto wa mke mdogo, ambao nao ni wajomba zangu, walisema bibi aliachwa zamani, kwa hiyo hana chake. Mama na ndugu zake wa tumbo moja wakasema la hasha, waligombana tu, akarudi kwao Kisarawe kupumzisha kichwa. Haya si maneno ya kijiweni, ndugu msomaji. Kwa sheria ya Kiislamu, mume aliyeacha watoto akifa, wajane wake hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, wakagawana. Mtalaka hana fungu hapo. Tukamwuliza bibi mwenyewe. Akatafuna tambuu kimya, kisha akasema, "Kaulizeni mahakamani."

Basi nikatumwa mimi, eti kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mahakama ni ile ile miaka yote. Kumbe mahakama nazo zina ukoo wake. Zama za Wajerumani, mashauri ya wenyeji wa pwani yalikwenda kwa maliwali na maakida. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1929, waliziweka mahakama za wenyeji chini ya mabwana shauri, mbali na Mahakama Kuu. Mwaka 1951 zikaitwa mahakama za mitaa. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963, iliyoanza kazi 1964, ndiyo iliyounganisha ngazi zote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Kwa hiyo anayetafuta shauri la kabla ya 1964 asiende kumsumbua karani wa Mahakama ya Mwanzo. Aanzie Nyaraka za Taifa, kule Upanga, zilikohifadhiwa karatasi za kiserikali za zamani. Sheria ya mwaka 2002 inazifungulia wananchi zikishatimiza miaka 30.

Jambo la pili ni mipaka. Dar es Salaam ya leo siyo ya jana. Mbagala, Kunduchi na Mbezi vilikuwa vijiji vya Uzaramo, vyenye minazi na mikorosho. Hata hapa karibuni, mpaka katikati ya miaka ya 2010, mkoa ulikuwa na wilaya tatu tu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Halafu Ubungo ikamegwa Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa Temeke. Shauri la mtu wa Manzese la mwaka 1985 lilifunguliwa alipokuwa mkazi wa Kinondoni, ingawa leo Manzese iko Ubungo. Usiulize mtu anaishi wapi sasa. Uliza pale alipoishi palikuwa chini ya nani siku ile.

Jambo la tatu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla yake talaka nyingi ziliishia mdomoni, au kwenye kikaratasi kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Sheria hiyo iliagiza kwamba wanandoa, isipokuwa kwa sababu maalumu, wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na kuvunja ndoa ikawa kazi ya mahakama. Hata hivyo wapo walioishia barazani au kwa shehe, wasifike kwa hakimu kabisa. Hao usitegemee kuwakuta kwenye rejista.

Nikaenda. Mahakama yenyewe siitaji. Karani alinitazama juu ya miwani.

"Kijana, namba ya shauri unayo?"

"Sina, mzee."

"Mwaka?"

"Sina uhakika, mzee."

Akacheka, lakini kwa huruma. Akaniambia nimwandikie barua hakimu mfawidhi, nitaje majina ya wadaawa, uhusiano wangu nao, na sababu ya kutaka kuona. Niliporudi na kibali, sikupewa jalada. Nilipewa rejista. Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote: asiye na namba huanza na rejista, maana huko kila shauri lina mstari wake, namba, tarehe, mdai, mdaiwa na matokeo.

Nilianza mwaka 1972, ukurasa kwa ukurasa, vumbi puani. Siku ya tatu, nikiwa mwaka 1976, nikaona jina la babu. Lakini lilikuwa upande wa mdaiwa. Mdai alikuwa bibi.

Nilisoma mara mbili. Miaka yote pale nyumbani tulibishana kama babu alimwacha bibi au hakumwacha. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba bibi ndiye aliyemwacha babu! Mwisho wa mstari paliandikwa: ndoa imevunjwa, mdaiwa amekata rufaa.

Hapo wengi hukata tamaa, kwa kuwa kabatini jalada halimo. Lakini rufaa ikikatwa, jalada la chini hupelekwa juu. Kutoka Mwanzo ni kwenda Wilaya, na kutoka Wilaya ni kwenda Mahakama Kuu, na mara nyingine halirudi. Nikalifuata masijala ya wilaya. Liko hai, limekunjwa ndani ya jalada la rufaa, rufaa yenyewe imetupwa.

Ndugu zangu mnaotaka kuandika, nendeni mkasome majalada ya Mahakama ya Mwanzo. Hakimu aliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, maneno ya watu waliosimama mbele yake na mbele ya wazee wa baraza. Bibi yangu alisema humo jinsi alivyobeba maji ya kufyatulia matofali ya ile nyumba ya Mbagala. Aliomba fungu. Hakimu akajibu kwamba kazi za nyumbani ni wajibu wa mke. Akaondoka na kitanda na masufuria.

Mahakimu na majaji wa siku hizo hawakuwa na sauti moja katika jambo hilo. Ni mwaka 1983 tu, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilipotamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe. Lakini mlango aliufungua, na wengine wakapita. Bibi yangu alikuwa amekuja mapema kwa miaka saba.

Leo mambo yamerahisika kiasi. Tangu mwaka 2021 Temeke kuna kituo jumuishi cha mahakama kwa ajili ya mirathi na mashauri ya familia, na mwaka huo huo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zinasomeka kwenye mtandao. Lakini bibi zetu hawako mtandaoni. Wako kwenye rejista zenye majani ya njano.

Nililipa ada, nikapewa nakala ya hukumu yenye mhuri. Niliisoma kwenye kikao cha ukoo. Thumni ya bibi ikafutika hapo hapo, na mama hakunisemesha siku mbili. Ningeweza kuificha ile karatasi? Ningeweza. Lakini ningekuwa nimemnyang'anya bibi kitu kikubwa kuliko thumni.

Jioni nikamwuliza, "Bibi, mbona hukusema?"

"Mjukuu wangu," akasema, "mliniuliza niliachwaje. Hamkuniuliza niliondokaje."